Mwaka wa Kupima Wiki

Mama Katungu alizikwa siku ya Alhamisi, na Jumamosi iliyofuata, kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa msichana, hakuna mtu katika nyumba ile ya mtaa wa Majengo, hapa Goma, aliyeitamka ahadi ya Furaha. Miaka yote hiyo yeye ndiye aliyeitamka. Alikuwa anakaa mwisho wa meza, anaweka viganja juu ya mbao, na kabla ya wengine kuanza anasema: "Furaha alisema ataenda Kalengera kumuchukua mama yake, na atarudi mbele ya Exetat. Hajajibu." Kisha ananyamaza kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kuingia na kuvuta kiti, halafu anaendelea na waliokuwepo. Wageni walidhani Furaha ni binti aliyechelewa sokoni. Wajukuu wake, waliozaliwa baada ya hayo yote, waliijua sentensi hiyo kama wanavyoijua sala ya kabla ya kula, na sidhani kama waliwahi kuuliza ni nani. Furaha aliondoka akiwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, anajiandaa kwa mtihani wa Serikali, ule ambao wote tunauita Exetat. Kama yupo, leo ana mvi kama mimi.

Vita vimepita katika njia ya Rutshuru mara nyingi mno, hata watu wa Goma wakitaka kutaja mwaka inabidi waongeze kitu: mwaka wa vita tuliokula mahindi ya msaada, mwaka wa vita ulioua ng'ombe wa Masisi. Mwaka wangu mimi nauita mwaka wa kupima wiki. Nilishuka kutoka mji wa Kiwanja, huko juu Rutshuru, na begi la shule na bidon tupu, dumu la maji, na mtu wa parokia aliyekuwa akigawa wasichana kwenye nyumba za Wakristo, kama anavyogawa mtu vifaranga, akanifikisha kwa Mama Katungu. Alikuwa mjane wa Butembo aliyefungua malewa, yaani mkahawa mdogo wa maharage na fufu, katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Kuta zilikuwa za mbao zilizopakwa mafuta meusi ya gari, zimesimama juu ya mawe ya volkano, na sakafu ilikuwa mawe hayohayo yaliyosawazishwa kwa saruji kidogo, kiasi kwamba kila meza ilikuwa na mguu mmoja uliowekewa kipande cha mti chini yake. Nyuma ya pazia la maua kulikuwa na chumba chetu: vitanda viwili, magunia ya maharage mpaka darini, na dirisha lisilo na kioo lililofungwa kwa shitingi, turubai la plastiki la msaada. Tulilala ndani ya harufu ya mawese. Mpaka leo nikipita mahali mtu anapokaanga vitunguu kwa mawese asubuhi, mwili wangu unataka kuamka kwenda shule.

Furaha alikuwa ameshafika kabla yangu. Alitoka Kalengera, kwenye barabara kuu hiyohiyo niliyoshukia, na alikuwa mrefu, mwenye shingo ndefu, na mkimya kupita kiasi. Alikuwa akiongea Kiswahili chenye mwendo wa Kinyarwanda, na mwaka ule, waasi wakisemwa wametoka ng'ambo ya mpaka, huo haukuwa mwendo mzuri kuwa nao mdomoni. Kwenye bomba la maji nilisikia mama mmoja akimwuliza mwenzake, bila kupunguza sauti: "Na ule mureeefu wa kwa Katungu, iko wa huku ao wa kule?" Mwenzake akasema: "Mungoje akasirike. Mutu akikasirika njo anaonyesha kwao." Furaha alikuwa nyuma yao anasubiri zamu. Alichota maji, akajitwisha, akarudi nyumbani.

Kila Jumamosi asubuhi mji mzima ulitoka kufanya salongo, kila mtu na ufagio au jembe mbele ya mlango wake, na hakuna duka lililoruhusiwa kufunguliwa mpaka mitaro iwe imesafishwa. Sisi tulimaliza mapema, maana Noella, mpishi wa malewa, alikuwa anafagia kama mtu anayefukuza mwizi. Ndipo ilipobaki ile saa tupu: maharage yapo jikoni, mlango umefungwa, wateja hawawezi kuja. Mama Katungu hakupenda saa tupu. Huko Butembo alikuwa amekaa miaka kati ya wafanyabiashara wanaofunga duka kwa siku kadhaa ili kufanya inventaire, na yeye aliona ni ujinga kwamba binadamu hafungi. "Duka inahesabiwa," alisema. "Weye utajihesabu lini? Siku ya kuwekwa mu sanduku?" Basi tulikaa sisi wanne kwenye meza iliyo karibu na jiko, na kila mmoja alisema nini kimekwenda vizuri katika wiki yake, nini kimeharibika, na jambo moja atakalolifanya wiki inayokuja. Jambo lenyewe lilitakiwa liwe dogo, na la kuonekana kwa macho. Nilipojaribu mara ya kwanza kusema nitakuwa mtoto mzuri, alinikatiza: "Muzuri wapi? Mu kichwa? Sema kitu yenye mukono inaweza fanya." Nikasema nitaosha sufuria za Noella bila kuambiwa. Hilo lilikubalika.

Palikuwa na taratibu mbili nyingine, na ndizo zilizoufanya mwaka ule uwe ulivyokuwa. Ya kwanza, hakuna aliyeandika. Ahadi ya mtu ilitunzwa kichwani na aliyekaa upande wake wa kulia, na Jumamosi iliyofuata huyo mtunzaji ndiye aliyeitaja kwanza, kabla mwenyewe hajapata nafasi ya kuipunguza. Mimi nilitunza ya Noella, Furaha alitunza yangu, Mama Katungu alitunza ya Furaha, na Noella alitunza ya Mama Katungu. Ya pili, hakuna aliyemjibu mtu. Hapakuwa na ushauri, wala swali, wala pole. Ukimaliza kusema, wenzako wanasema neno moja: "Tumesikia." Na ukitoka pale mezani, lililosemwa mezani halijadiliwi jikoni wala kitandani. Utaratibu huu aliuweka baada ya mama mmoja mkimbizi, aliyepita katika nyumba ile kabla yetu, kueleza jinsi alivyomwacha mtoto mmoja njiani ili awabebe wengine wawili. Wenzake walikuwa wamemjibu. Kila mmoja alikuwa na la kusema, nani angefanya nini, nani angembeba yupi. Yule mama aliondoka kesho yake na hakuaga. "Tulimuua na mashauri," Mama Katungu alituambia. "Mu nyumba hii hakuna tena kujibu mutu."

Isionekane kwamba tulikaa kama kwenye maziko. Noella, ambaye alikuwa mnene, mcheshi na mgomvi, aliahidi karibu kila wiki kwamba hatamtukana muuza makala, yaani mkaa. Jumamosi mimi nasema: "Noella alisema hatatukana muuza makala." Naye anajibu kwa uso wa mtu wa kanisani: "Sikumutukana miye. Nilimuambia tu kichwa yake na mufuko yake bote ni kyeusi, na bote hakuna kitu ndani." Mama Katungu alikuwa anajifunika mdomo kwa kitenge ili asionekane anacheka, kisha anasema, "Tumesikia." Yeye mwenyewe hakujiondoa. Aliwahi kusema mbele yetu, wasichana aliowalisha, kwamba wiki ile alimpa mteja maharage ya jana akamwambia ni ya leo, na kwamba alipolala aliona aibu zaidi kwa sababu mteja alishukuru. Sijawahi, kabla wala baada ya hapo, kuona mtu mzima akijiweka mezani namna ile.

Lakini aliyebadilika kweli alikuwa Furaha. Jumamosi ya kwanza niliyokaa naye alisema tu, "Sina kitu," nasi tukasema tumesikia. Baadaye alisema atawasalimia mama wa bombani. Mama Katungu alipomtajia ahadi hiyo, alijibu akiangalia meza: "Nilibasalimia bote. Moja njo alijibu." Wiki nyingine alisema atamwuliza huyo mmoja jina la mtoto wake. Halafu kwamba atamsaidia yule mtoto hesabu. Nilikuwa naona kila hatua, kwa kuwa tulilala kitanda kimoja na nilijua ni usiku upi hakupata usingizi kwa kuogopa kitu alichokiahidi. Kabla ya mvua kubwa kuanza, watoto wa mtaa walikuwa wanajaa malewa kila jioni baada ya wateja kwisha, na Furaha anawaandikia hesabu za sehemu juu ya ukuta wa mbao kwa kipande cha chaki. Yule mama aliyesema wangoje akasirike alileta wanawe wawili na sahani ya sambaza, vile vidagaa vya ziwani, zilizokaangwa, akasema, "Mwalimu, balishe kichwa, tumbo nitalisha miye." Furaha alizicheka sambaza zile mpaka akatokwa na machozi. Jumamosi ile alisema kwa sauti niliyoisikia kwa mara ya kwanza kuwa ni yake hasa: "Nitapata Exetat. Nitafundisha. Alafu nitakuwa préfet wa shule, préfet mwanamuke, na nitavaa lunettes ata kama macho yangu iko muzima." Kusikia habari ya mkuu wa shule mwenye miwani, Noella alishindwa kujizuia akapiga makofi, na Mama Katungu akamwacha.

Siku hizi naona watu wakilipia semina katika hoteli za pembeni ya ziwa ili waambiwe wajitazame kila wiki, wajue uwezo wao, waandike malengo. Siwacheki. Najua jambo hilo linafanya kazi, kwa sababu nililiona likimwinua msichana kutoka kwenye ukimya. Ninachojiuliza ni kingine. Kwenye meza ile tulijifunza kupima mtu: ameogopa nini, ameshinda nini, anaweza nini. Barabara hatukuipima. Na Furaha, kadiri alivyoona kila anachokiahidi anakitimiza, ndivyo alivyozidi kuamini kwamba kitu pekee kinachoweza kumzuia ni woga wake mwenyewe.

Habari ilikuja mchana wa siku ya kazi, pamoja na sahani za chakula. Madereva wa malori ya makala walikuwa wanakula kwetu, na miongoni mwao Muzee Kasereka, mtu wa makamo mwenye sauti ya upole asiyependa kutia chumvi. Alikuwa anawaeleza wenzake hali ya njia. "Leo inapitika. Kalengera bamekimbia karibu bote. Kumebaki ba vikongwe. Kuko mama moja wa miguu ya kuvimba, anakaa ku mulango, anauliza kila gari kama imeona binti yake." Nyuma ya pazia sahani zilikuwa zinagongana kwenye beseni, kisha zikaacha. Furaha akatoka, mikono inachuruzika maji. Alikuwa amemwacha mama yake kwa jirani aliyeahidi kumleta kwa pikipiki, na tangu hapo hakuwa na habari ya jirani wala pikipiki.

"Papa, ule mama, kitambaa ya kichwa iko rangi gani?"

"Sikuangalia kitambaa, mutoto wangu. Niliangalia miguu."

"Nyumba iko mbele ya eukaliptus tatu?"

Muzee Kasereka aliacha kutafuna. "Miti iko," alisema. "Sikuhesabu."

Jumamosi ile mvua ilinyesha wakati wa salongo, tukarudi ndani na matope mpaka magotini. Maharage yalikuwa yanachemka polepole na moshi ulikuwa umejaa chumba kwa sababu makala yalilowana. Mama Katungu alitaja ahadi ya Furaha ya wiki iliyopita, kwamba atamaliza kurudia somo la pedagojia. Furaha alisema amemaliza. Alisema kilichokwenda vizuri, watoto wawili anaowafundisha wamepita mtihani wao wa hesabu. Kilichoharibika, alisema, ni kwamba kila akila anamwona mama yake mlangoni. Kisha akasema: "Wiki hii nitaenda Kalengera kumuchukua mama. Nitarudi mbele ya Exetat." Mtihani ulikuwa umebakiza majuma machache. Nilimwona Noella akifungua mdomo. Nilimwona Mama Katungu akiweka kiganja chake mezani, bila kukipiga, kama anavyofanya mtu anayezuia kitambaa kisipeperuke. Moshi ulikuwa unatuuma macho sote. "Tumesikia," akasema Mama Katungu, na sisi tukasema tumesikia.

Kesho yake, Jumapili baada ya misa, tulikuwa tunamenya viazi nyuma ya nyumba. Noella alikuwa anavimba kama mkate. Mwishowe alikamata sufuria kubwa kwa masikio yake mawili, akaielekezea uso, akasema: "Sufuria, nakuambia weye, hakuna mutu mwingine mu hii maneno. Njia ya Rutshuru haiko ya kuchezea. Sufuria yenye akili inangoja ikauke." Furaha alicheka mpaka kisu kikamwanguka. "Sufuria imesikia," akasema. Noella akatikisa kichwa, akaiweka sufuria chini taratibu. Nimeishi na kicheko kile muda mrefu. Hakikuwa kicheko cha mtu anayedharau onyo. Alikuwa amefurahi kwamba anapendwa kiasi cha mtu kuzungumza na sufuria.

Mpango wenyewe haukuwa wa kichaa, na nasema hivyo kwa kuwa watu wengi baadaye walitulaumu kana kwamba tulimwacha msichana atembee kwa miguu kwenda vitani. Muzee Kasereka alikubali kumpeleka. "Namuacha ku mulango ya mama yake," alimwambia Mama Katungu pale lori lilipokuwa linajazwa mafuta, "napanda Kiwanja kupakia, nikirudi nabachukua bote wawili. Mama atakaa mbele na miye, mutoto atapanda juu ya makala." Furaha alivaa koti la Mama Katungu na kubeba mkate na sambaza zilizokaushwa. Mimi nilimshikia mkoba akipanda. Aliniambia, "Na weye wiki hii uliahidi kusoma hesabu. Niko nayo mu kichwa. Usifikiri nikiondoka utapona." Lori likatoka, na moshi wake ukabaki barabarani, halafu wenye chukudu, zile baiskeli za mbao za mizigo, wakaupita.

Njia ilifungwa siku ambayo wangerudi. Tulisikia kwanza kwa wateja, kisha kwa watu wenyewe walioanza kufika na magodoro. Muzee Kasereka alirudi baada ya muda mrefu, kwa miguu, bila lori, miguu yake sasa imevimba kama ya yule mama. Alikaa kwenye meza ya karibu na jiko, na Mama Katungu akamwekea fufu ambayo hakuigusa. Alisema: "Nilimushusha. Mama aliinuka, ye mwenye haiinuki. Niliona bameshikana. Njo kitu naweza kuapa. Kisha nikapanda Kiwanja, na kule bakatufungia." Noella alimwuliza kama alisikia risasi upande wa Kalengera. Akasema risasi zilikuwa pande zote.

Mimi pia nilikuwa wa mwaka wa mwisho, na asubuhi ya Exetat Mama Katungu alinisindikiza mpaka langoni mwa kituo cha mtihani. Alikuwa amebeba mayai ya kuchemsha na kalamu, vyangu na vya Furaha. Niliingia. Nilipotoka jua lilikuwa limesogea na yeye alikuwa bado amesimama kati ya wazazi wengine, na yale mayai ya Furaha kwenye kitambaa. Nilipita mtihani ule. Nyumbani hakuna aliyepiga kelele ya furaha, ila Noella alinichemshia chai ya maziwa na kukaa nami mpaka nikaimaliza.

Miaka iliyofuata tulitafuta kama kila mtu alivyotafuta. Majina yalisomwa kanisani na redioni. Dereva mmoja alisema aliona, katika watu waliokuwa wanavuka Bunagana kwenda Uganda, msichana mrefu aliyembeba mama mzee mgongoni. Wasichana warefu waliobeba mama zao walikuwa wengi siku hizo. Nilipoanza kazi na njia ikatulia, nilikwenda Kalengera mwenyewe. Miti mitatu ilikuwepo, na nyumba ilikuwa na watu wengine. Jirani mmoja aliniambia mama mwenye miguu mibaya aliondoka na binti yake kabla ya watu wenye bunduki kufika. Mwingine, nyumba ya pili, aliniambia hapana, huyo aliyeondoka ni mama mwingine. Nilirudi na majibu hayo mawili, nikamweleza Mama Katungu. Alikuwa anachagua maharage kwenye ungo. Nilimwuliza jambo ambalo sikuwa nimethubutu: "Mama, kama ile siku tungemujibu?" Hakuacha kuchagua. "Tungemujibu, angeenda bila kutuambia," alisema. "Vile alituambia, njo miye nabaki na neno yake." Sijui kama aliamini hivyo au alihitaji kuamini. Kila Jumamosi aliendelea kulitunza.

Kwenye matanga alikuja mwanaume wa makamo aliyekaa na wanaume chini ya shitingi. Noella, ambaye sasa anatembea na fimbo, aliniambia ni Bahati, kaka yake Furaha, aliyekuwa Uganda tangu kabla ya vita vile. Kumbe alikuwa anakuja kwa Mama Katungu kila baada ya miaka michache na ombi lilelile. Anataka kumfanyia dada yake matanga, na misa, na msalaba wenye jina huko Kalengera. Mama Katungu alimkatalia kila mara: hawezi kumlilia mtu ambaye neno lake liko mkononi mwake. Bahati alisubiri watu wapungue, akaja kukaa karibu nami. Alikuwa na shingo ileile.

"Dada Masika," alisema, "miye sina mama, sina dada, na sina fasi ya kubalilia. Mama Katungu nilimuheshimu. Sasa padiri anasema mutu mwenye aliishi na Furaha akikubali, atasoma misa. Umebaki weye na Mama Noella. Mama Noella anasema atafuata weye."

Nilimwambia anipe muda. Alikubali kwa heshima, akapanda gari la asubuhi kurudi Uganda. Amepanga misa iwe baada ya mavuno ya maharage, ndugu wakiwa na nafasi, na fundi ameshapewa mbao za msalaba. Amenipigia simu tangu hapo. Mara ya kwanza nilimwambia bado nafikiri, maana kuukubali msalaba ni kusema Furaha hatajibu tena. Jana imelia tena, jina lake likawaka kwenye kioo mpaka likazimika, na fundi, nasikia, anauliza kama achonge jina.